Majibu kwa Anyelwisye

Umeniuliza nasoma nini siku hizi,
nasikiliza nini, natazama nini.
Nimekaa na swali lako siku tatu
kama mtu aliyeombwa chumvi na jirani,
akakuta kopo tupu, akaona haya kusema.

Basi nianze na kitabu.
Nilikiokota juu ya turubai, karibu na Posta ya Zamani,
elfu mbili, jalada limeshikwa na selotepu:
riwaya ya karani wa reli na mke asiyecheka.
Mwenye nacho wa kwanza alikuwa mtu wa kalamu nyekundu.
Ukurasa wa kumi na tisa kaandika *Mwongo!*
Wa arobaini, *Kumbe.*
Wa themanini na mbili hakuandika neno,
kuna duara la kikombe cha chai tu,
na hapo ndipo mke anaondoka.
Nilikisoma zamu ya usiku, dirisha la dawa, Mabibo,
kati ya mtoto wa homa na mlevi wa jeraha,
nikajikuta nampenda wa kalamu kuliko karani.
Kurasa za mwisho hazipo.
Labda zilifungia karanga.
Sijui kama mke alirudi,
na wewe, kama unajua, ninyamazie.

Tamthilia ile inayosemwa na kila mtu
niliifuata hadi sehemu ya tatu, nikasinzia.
Bando likaisha. Sikununua jingine.

Lakini filamu, ndugu yangu!
Manzese, kwenye kibanda cha Chande,
mabenchi ya mbao, jasho, shilingi mia tano.
Mfalme wa nchi ya theluji anasema maneno yake,
Chande juu yake na kipaza sauti anasema ya kwetu:
"Waziri, hii kodi ya nyumba miezi sita unaidai kwa sura ipi?"
Tulicheka hadi benchi likalia.
Umeme ukakatika upanga ukiwa hewani.
Hakuna aliyetoka.
Chande akawasha tochi ya simu, akaimulika sura yake,
akaimalizia mwenyewe: mfalme akatupa upanga,
akavua taji, akaenda Tandika kuuza mitumba,
na Jumapili moja akamwona malkia akichagua sketi,
akampunguzia bei, wala hakujitambulisha.
Baadaye kijana mmoja kazini alinipa filamu nzima.
Mwisho wake ni damu na theluji.
Nilimrudishia, nikamwambia wamekosea.

Muziki nimeuacha nyuma makusudi.
Ni kaseti moja. Ya mjomba Mkwabi,
aliyepiga besi bendi ya kiwanda, akazeeka na vidole vigumu.
Fundi wa Mtaa wa Sikukuu aliifufua redio,
akasema, "Mama, hii itavuta kidogo," na kweli inavuta,
tarumbeta linapanda mlima na gunia mgongoni.
Waliirekodi harusini, Magomeni, uani.
Ubeti wa pili, gitaa likiwa linajikuna taratibu,
mwanamke anapiga kelele kutoka jikoni:
"Wali! Wali unaungua jamani, nani yupo jikoni?"
Ni mama.
Hakuacha sauti yake mahali pengine popote.
Picha zipo, kanga zipo, deni la duka tulilipa.
Sauti ni hiyo, maneno saba,
na besi ya mjomba inaendelea chini yake
kana kwamba wali wa watu si kitu.
Nairudisha nyuma kwa penseli, redio isije ikaitafuna.

Hayo tu, Anyelwisye. Ni machache,
na hakuna hata kimoja kilichofika mwisho wake.

Kitabu nimekifunga kwa gazeti.
Kitatoka stendi ya Mbezi na basi la Ijumaa, mkononi mwa konda.
Ukifika themanini na mbili, tazama pembeni ya duara la chai,
nimeandika kitu kwa bluu.
Wewe tafuta rangi nyingine.